Isabgoli na maji: mwongozo wa dereva wa masafa marefu

Kwa miaka 19 nimeendesha lori kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na safari nyingi navuka mpaka hadi Lusaka. Kazi hii ina desturi ambayo madereva tunaijua wote lakini hatuisemi: hatunywi maji. Ukinywa utasimama, ukisimama utachelewa, na ukiwa katikati ya foleni ya mizani ya Vigwaza au foleni ya Tunduma huwezi kuliacha gari ukatafute choo. Kwa hiyo asubuhi unapiga mafunda mawili, mchana soda, usiku nyama ya kuchoma na ndizi au chipsi mayai, halafu unalala kwenye kitanda cha kabini. Haja kubwa unaibana mpaka ufike mahali unapopajua.

Mwaka wa 13 wa kazi nikapata bawasiri. Nilikuwa nakaa siku nne bila kupata choo, na kikija kinakuja kigumu, vipande vipande kama mawe, na damu nyekundu kwenye karatasi. Nilivumilia miezi mitano kwa aibu. Ninaandika haya kwa sababu najua wako wengi wanaovumilia vivyo hivyo, na kwa sababu kitu kilichonisaidia, isabgoli, yaani nyuzinyuzi za maganda ya mbegu zinazovimba kwenye maji, nacho kikitumiwa vibaya kinaweza kuua. Mimi kiliponikaba nilikiona kifo.

Anza kwa kupimwa

Kabla sijapewa ushauri wowote wa nyuzinyuzi, daktari wa zahanati niliyokwenda aliniambia, "Baba, kwanza tujue hii damu inatoka wapi. Dawa baadaye." Akanipima, akanipeleka hospitali kubwa nikaangaliwa ndani kwa kamera, ikaonekana ni bawasiri na mchaniko mdogo. Hapo ndipo aliponiandikia isabgoli.

Naliweka hili mbele kwa sababu ya dereva mwenzangu. Naye alitokwa damu. Akasikia mimi natumia isabgoli, akanunua kopo lake na kunywa miezi miwili bila kumwona mtu. Choo kililainika kidogo, akajiona amepona. Kumbe ule uvimbe uliokuwa unatoa damu ulikuwa unaendelea kukua ndani. Alipopimwa alikuwa amechelewa. Kwa hiyo kama unatokwa damu, kama choo chako kimebadilika ghafla na mabadiliko yamezidi wiki mbili, kama unakonda bila sababu au unapungukiwa damu, usinunue kopo. Nenda ukapimwe.

Wako pia ambao hawapaswi kuitumia kabisa mpaka daktari aruhusu. Mtu anayepata shida kumeza, yaani chakula kinakwama kooni au kifuani. Mtu ambaye utumbo wake una sehemu nyembamba, au aliwahi kuziba utumbo. Mtu mwenye maumivu makali ya tumbo yanayoambatana na kutapika. Mtu ambaye choo kimekwisha kuganda na kujaa mpaka hakitoki, maana ukimwongezea isabgoli juu yake unazidisha kizibo. Na mgonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji asiiguse bila ruhusa, kwa sababu isabgoli na maji havitenganishwi. Watoto wadogo ni kazi ya daktari, si ya baba wala mama.

Kitu chenyewe

Isabgoli ni maganda ya mbegu ndogo za mmea uitwao Plantago ovata. Unalimwa kwa wingi India, hasa Gujarat na Rajasthan. Jina limetoka kwenye Kiajemi na maana yake ni sikio la farasi, kwa sababu ya umbo la mbegu. Wenye maduka ya viungo Kisutu na Kariakoo wamekuwa wakiiuza miaka mingi, na famasi nyingi za mjini zinayo. Kwenye makopo mengine utasoma "psyllium husk" au "ispaghula". Ni kitu kile kile.

Kabla hujaimeza, itazame. Hili ni zoezi la dakika kumi na naomba kila anayeanza alifanye, maana litakufundisha kuliko maneno yangu.

Chukua glasi mbili za kioo. Ya kwanza ijaze maji, weka kijiko kimoja cha chai cha maganda, koroga. Mwanzoni utaona vijipande vyeupe vyenye rangi ya maziwa vikizunguka kama wishwa wa mpunga. Baada ya dakika moja hivi vinaanza kuvimba, kila kijipande kinajivika ute. Ukifika dakika ya kumi, chovya kijiko ukinyanyue: kinavuta kama mlenda. Mke wangu ni Mgogo wa Kongwa, amekua kwenye mlenda. Alichovya kidole, akasugua na dole gumba, akasema, "Huu ni ndugu yake." Hakukosea. Ute wa mlenda na wa bamia nao ni nyuzinyuzi za aina hiyo, zinazoyeyuka na kuvimba kwenye maji.

Glasi ya pili weka vijiko viwili vya maganda na mafunda matatu tu ya maji. Subiri dakika tano. Utapata bonge. Igeuze glasi kichwa chini: halidondoki. Likandamize kwa kijiko, linarudi kama lilivyokuwa. Sasa fikiria bonge hilo likiwa kwenye koo lako.

Inavyofanya kazi tumboni

Tumbo halisagi ute huu, wala utumbo mwembamba haufyonzi. Hata wale bakteria wa utumbo mpana, wanaokula nyuzinyuzi za aina nyingine na kutengeneza gesi, hawaushughulikii sana. Kwa hiyo unafika mwisho wa safari ukiwa bado umeshika maji yake. Ndiyo maana choo kilichokauka kinalainika na kuwa kizito cha kutosha kusukumwa bila kukamua. Na ndiyo maana, jambo lililonishangaza, kitu hiki hiki humsaidia pia anayeharisha: kinanyonya maji yaliyozidi na kukipa choo umbo. Wenye tumbo linalosokota miaka na miaka, leo wanaharisha kesho wanafunga, madaktari huwapendekezea nyuzinyuzi za ute kama hizi kuliko pumba za ngano, ambazo wengine huwazidishia maumivu.

Usitarajie muujiza wa saa moja. Isabgoli si dawa ya kukufanya uharishe. Mtu huanza kuona tofauti baada ya muda wa saa 12 hadi siku tatu. Mimi ilikuwa siku ya pili jioni, na nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano kutoka chooni bila kuuma meno.

Daktari aliniambia jambo moja ambalo nimelipenda. Wazo kwamba ukosefu wa nyuzinyuzi unaleta maradhi haya lilienezwa sana na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo walivyovifanya: wanakijiji wa Uganda walikuwa wanapata choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa siku moja na nusu hivi; Waingereza waliopimwa walikuwa na gramu 100 na kidogo, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Wanakijiji wale hawakunywa isabgoli. Walikula vyakula vya shambani. Nilipokaa nikafikiri, niliona kwamba babu yangu alikuwa upande wa Uganda wa hesabu ile, na mimi mjukuu wake nimehamia upande wa pili kwa chipsi na soda.

Namna ya kuanza

Anza siku ya mapumziko, uko nyumbani, choo kiko karibu. Usianze safarini.

Wiki ya kwanza: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, mara moja kwa siku. Wiki ya pili: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kisha ongeza kidogo kidogo mpaka upate choo laini, halafu ubaki hapo. Si lazima ufike ninapofika mimi. Wapo wanaotosheka na vijiko viwili kwa siku.

Vijiko hudanganya, kwa hiyo jua unachopima. Niliwahi kumwomba mwenye duka la viungo anipimie kwenye mizani yake ndogo: vijiko vitano vya chai vya maganda mazima vilifika gramu 8. Lakini isabgoli iliyosagwa ikawa unga ni nzito zaidi, kijiko kile kile kinaweza kubeba mara mbili. Ukibadilisha kutoka maganda kwenda unga bila kupunguza kijiko, umejiongezea dozi bila kujua. Soma maelezo ya kopo lako.

Mimi nimesimama kwenye vijiko vitatu vya chai asubuhi na vitatu jioni, karibu gramu 10 kwa siku.

Sasa maji. Kila dozi ikorogwe kwenye glasi kubwa nzima, mililita 240 au zaidi, inywewe papo hapo kabla haijaanza kuvuta. Halafu glasi nyingine ya maji matupu juu yake. Ukichelewa ukaikuta imekwisha kuwa uji mzito, usiilazimishe. Iongezee maji uikoroge upya, au imwage. Usiilambe ikiwa kavu kwenye kijiko halafu ukafuatishia maji, hata kama umeona mtu anafanya hivyo. Na kunywa ukiwa umesimama au umekaa wima.

Barabarani nafanya hivi. Nyumbani napima dozi zangu kwenye vikopo vidogo vikavu vyenye vifuniko, kimoja kwa kila mara. Nabeba chupa mbili za nusu lita kwa kila dozi. Ya kwanza nakunywa mpaka ibaki zaidi kidogo ya nusu, namimina kikopo ndani, nafunga, natikisa mara kumi, nainywa yote bila kupumzika. Ya pili naisuuzia ile ya kwanza, nanywa masuuzo, kisha naimaliza. Gari limesimama, injini imezimwa, nipo chini, si kwenye kiti. Siinywi nikiendesha, na siinywi nikiwa kwenye foleni inayosogea.

Usiku wa Ruaha Mbuyuni

Nilikuwa na miezi minne ya kutumia na nilikwisha kuzoea, na mazoea ndiyo yaliyoniponza. Tulilala Ruaha Mbuyuni tusubiri alfajiri tupande mlima Kitonga. Saa nne usiku nikakumbuka sijanywa dozi ya jioni. Chupa ilikuwa na maji kidogo sana chini, labda mililita 80. Nikaona uvivu kushuka kuchukua mengine. Nikamimina isabgoli humo, nikatikisa, nikanywa nikiwa nimejiegemeza kitandani, nikajilaza.

Baada ya dakika chache nikahisi kitu kimesimama hapa, chini ya koromeo, nyuma ya mfupa wa kifua. Nikameza mate, hayashuki. Nikakaa, nikajaribu kunywa funda la maji, likarudi kupitia puani. Mate yakajaa mdomoni, kifua kikauma kama kimebanwa na jeki. Utingo wangu aliamka aliponisikia nikikoroma vibaya, akanivuta chini, akaniinamisha, akanipiga mgongoni kwa kiganja mara kadhaa. Nikatapika bonge jeupe linaloteleza, ukubwa wa yai la kanga.

Kulipopambazuka kifua kilikuwa bado kinauma, nikapitia kituo cha afya njiani. Mganga alinisikiliza akaniambia kwamba kama lingekwama kabisa, lingetolewa kwa kifaa cha kuingizwa kooni hospitalini, na kama lingeingia kwenye njia ya hewa, utingo asingekuwa na muda wa kuamka. Marekani wanalijua jambo hili kiasi kwamba sheria inalazimisha onyo la kukabwa liandikwe kwenye dawa za choo zenye isabgoli, na mwaka 2007 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliziondoa zile za chengachenga kwenye orodha ya zinazokubalika kuwa salama kwa sababu ya watu kukabwa.

Kwa hiyo shika haya: dozi ya mwisho iwe angalau saa mbili kabla ya kulala. Ukiisahau, isahau, utakunywa kesho. Na ukishaimeza ukasikia maumivu ya kifua, unatapika, huwezi kumeza mate au hupumui vizuri, usingoje ishuke yenyewe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Madhara mengine

Wiki ya kwanza tumbo linajaa, linanguruma, unatoa gesi, pengine na msokoto mdogo. Hili ni la kawaida, na kwa wengi linatulia baada ya siku kadhaa. Likikuzidi, rudisha dozi nyuma hatua moja ukae hapo wiki nzima. Wengi wanaoacha isabgoli niliowasikia walianza na vijiko vikubwa siku ya kwanza.

Kufunga choo zaidi. Ndiyo, isabgoli isiyo na maji ya kutosha inafanya kinyume cha ulichotaka, inakauka ndani na kuwa kizibo. Ukipita siku tatu bila choo na huku unaitumia, iache umwone daktari, usiongeze kijiko.

Mzio. Ni nadra lakini ni mkali. Vumbi la isabgoli likivutwa puani mara kwa mara linaweza kumfanya mtu awe na mzio, na limewahi kuwapata manesi waliokuwa wakiwapimia wagonjwa unga huu kila siku. Usipulize kwenye kopo, usimimine kwa fujo kwenye kabini iliyofungwa. Ukitokwa na vipele vya kuwasha, ukivimba midomo au ukikosa pumzi baada ya kuinywa, hiyo ni dharura, na usiinywe tena maishani.

Kushiba mapema. Ukiinywa kabla ya kula unaweza kula kidogo. Kwa mwenye kitambi si hasara, ingawa usiinunue ukidhani itakukondesha. Kwa mzee aliyedhoofu mwangalie, anaweza kuacha kula.

Kama unameza dawa nyingine

Ute ule unashika dawa na kuzipunguza au kuzichelewesha kuingia mwilini. Tenganisha. Mimi nina kidonge cha presha, nakimeza saa 11 alfajiri kabla ya kuwasha gari, na isabgoli nainywa saa 2 asubuhi tukisimama kunywa chai. Kwa dawa nyingi acha nafasi ya saa mbili hivi kabla au baada. Zipo zinazohitaji uangalifu zaidi na ushauri wa mfamasia: dawa ya tezi ya levothyroxine, digoxin ya moyo, lithium, carbamazepine ya kifafa, na vidonge vya madini ya chuma. Mtaje mfamasia kila unachomeza, hata kama ni cha mitishamba.

Wenye kisukari wana habari njema na tahadhari yake. Ute unapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo, na kwa wenye kisukari cha ukubwani, matumizi ya kila siku huteremsha sukari. Sasa kama tayari unameza dawa au unachoma insulini, vikikutana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwambie daktari kabla, upime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Angalia pia paketi zenye ladha ya chungwa: nyingine zimetiwa sukari nyingi. Mimi natumia isiyo na ladha yoyote. Haina utamu wala uchungu, utaizoea.

Lehemu

Hili sikulitafuta. Kwenye kipimo cha afya cha kazini iligundulika lehemu mbaya yangu (kolesteroli ya LDL) ni 4.2 mmol/L. Daktari aliposikia nakunywa isabgoli kijiko kimoja kwa siku, akaniambia nipandishe taratibu hadi gramu 10, nipunguze mafuta ya nyama, tupime baada ya miezi mitatu. Ikasoma 3.8.

Alinieleza sababu kwa kunichorea ini kwenye kipande cha karatasi. Ini linatengeneza nyongo kwa kutumia lehemu. Nyongo inaingia utumboni kusaga mafuta, na kwa kawaida sehemu kubwa hufyonzwa tena ikarudi kwenye ini kutumika upya. Ute wa isabgoli unaikamata nyongo na kuondoka nayo kwenye choo. Ini likiona nyongo imepungua, linachukua lehemu kutoka kwenye damu litengeneze nyingine. Punguzo la kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10, na kule Marekani FDA iliruhusu tangu 1998 vyakula vyenye isabgoli viandikwe kwamba vinaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa kiwango cha gramu 7 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwa siku, ambazo ndizo zinazopatikana kwenye gramu 10 na kidogo za maganda. Ni msaada, na msaada wa kweli. Lakini kama umeandikiwa vidonge vya lehemu, usiviache kwa sababu ya kopo.

Mwezi wa Ramadhani

Nafunga, na nimejaribu njia mbalimbali. Iliyonifaa ni dozi moja tu, saa moja hivi baada ya kufuturu, nikiwa nimekwisha kunywa maji ya kutosha, kisha naendelea na maji mpaka daku. Kwenye daku siinywi, kwa sababu ya haraka na kwa sababu mchana kutwa sitaweza kuifuatishia maji.

Kununua na kutunza

Chagua iliyofungwa vizuri, yenye tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Ile ya kupimiwa kutoka gunia lililo wazi siitaki, huwezi kujua imechanganywa na nini. Maganda mazuri ni meupe yenye wekundu kidogo, makavu, hayana harufu. Dar ina unyevu: ukichovya kijiko chenye maji mara moja tu, kopo zima linaanza kushikana mabonge, na mabonge hayo hayakorogeki vizuri. Tupa. Usiliache kopo kwenye dashibodi juani.

Sahani ni sehemu ya dawa

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe. Isabgoli yangu haihesabiwi humo. Kwa mama lishe sasa naagiza maharage na mboga za majani kwanza, nyama ikiwepo iwepo. Nyumbani tumerudi kwenye dona. Mfuko wa kwenye kabini una machungwa, mapera ya msimu, na karanga. Machungwa nayamenya na kuyala na nyama yake, siyafyonzi nikatema. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina nyuzinyuzi za aina zote mbili, zinazoyeyuka na zisizoyeyuka, na mbaazi za nazi bado ni chakula ninachokipenda kuliko vyote.

Maji nakunywa lita mbili na nusu kwa siku, zaidi nikiwa Mikumi kwenye joto. Nasimama, na nikichelewa nimechelewa. Nimewaambia ofisini wazi kwamba safari yangu ina vituo vya choo Chalinze, Morogoro, Ruaha Mbuyuni, Mafinga na Makambako, na nikihisi haja nakwenda, siibani tena. Bosi hakupenda. Nikamwambia gharama ya kuniuguza ni kubwa kuliko dakika kumi.

Utingo wangu, yule yule aliyenipiga mgongoni, mwezi uliopita aliniambia kwa sauti ya chini kwamba naye anakaa siku nne. Kijana wa miaka 26. Nilimpeleka akapimwa kwanza, akaambiwa hana tatizo jingine isipokuwa maji na chakula. Tukapita Kisutu akanunua kopo lake, nikamwonyesha zile glasi mbili, akaligeuza bonge kichwa chini mara tatu akiliangalia. Akaanza Jumamosi nyumbani kwao Mbagala, kijiko kimoja. Jumatatu alfajiri tulipokutana yadi, kabla hata ya kunisalimia, alikuwa anapandisha kwenye kabini galoni la lita tano la maji.